Kijana akitoka soba, kazi ya nyumbani ndiyo kwanza inaanza



Familia nyingi katika miji yetu ya pwani zimeonja uchungu wa unga. Tunamshukuru Allah (s.w) kwamba Zanzibar ilianza kuwa na nyumba za soba mwaka 2009, na Hospitali ya Muhimbili ikaanza kutoa dawa ya methadoni mwaka 2011. Vijana wengi wamepata mlango wa kutokea. Tatizo ni kwamba wapo wanaotokea mlangoni wakarudi kwa dirishani, na mara nyingi dirisha hilo tumeliacha wazi sisi wenyewe.

Wengi wetu tunadhani arosto ikiisha, kijana amepona. Sivyo. Maumivu ya mwili, kutapika, kuharisha na jasho huwa makali siku mbili tatu za mwanzo, kisha hupungua ndani ya wiki moja hivi. Kinachobaki ni hamu, huzuni na kukosa usingizi, na hayo huweza kudumu miezi. Kumwona kijana ananenepa na kuvaa kanzu safi kusitudanganye.

Ipo hatari nyingine ambayo wazazi wengi hawaijui. Mwili uliokaa bila unga hupoteza ustahimilivu wake. Kijana akiteleza na kutumia kiasi kile kile alichozoea zamani, pumzi inaweza kukatika akafa. Kwa hiyo siku hizi za mwanzo ndizo za kumchunga zaidi. Ukimkuta hazinduki, anakoroma ajabu au midomo imebadilika rangi, mlaze ubavu na umkimbize hospitali. Usimfungie chumbani kwa kuogopa aibu.

Sasa tufanye nini? Kwanza, tuache kumwita teja. Imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba mtu mmoja aliletwa mara kwa mara kwa Mtume (s.a.w) kwa kosa la ulevi. Mmoja wa waliohudhuria alipomlaani, Mtume (s.a.w) alimkataza, akaeleza kuwa mtu yule anampenda Allah na Mtume wake. Ikiwa aliyerudia kosa hakulaaniwa, vipi sisi tunamsimanga aliyekwishaacha?

Pili, tusimpe fedha nyingi mkononi. Anahitaji nauli? Mtu amsindikize. Anahitaji viatu? Nunueni pamoja. Huku si kumdhalilisha, ni kumpunguzia mtihani.

Tatu, abadilishe njia na marafiki. Kupita kijiweni alikokuwa akivutia kunatosha kuamsha hamu. Kama kuna shangazi au mjomba mtaa mwingine, akakae huko kwa muda.

Nne, apate ratiba. Swala tano kwa jamaa, darsa, na kazi yoyote ya halali. Asiye na la kufanya mchana kutwa yuko karibu na kijiwe.

Tano, kama yuko kwenye methadoni, tusimkatishe. Nimesikia baadhi yetu wakisema huko ni kubadilisha ulevi kwa ulevi. Sikubaliani nao. Ni dawa inayotolewa kwa kipimo, chini ya usimamizi wa wauguzi, na inamwezesha mtu kufanya kazi na kuswali akiwa na akili timamu. Ukiingia mwezi wa Ramadhani, azungumze na daktari wake kuhusu saa za dawa kabla ya kuamua lolote. Mgonjwa amepewa ruhusa na sheria.

Na akiteleza? Mrudisheni kwenye matibabu siku hiyo hiyo. Kuteleza si mwisho wa safari, na mlango wa toba haujafungwa. Mlango unaofungwa mara nyingi ni wa nyumba zetu.

Maimamu nao wana sehemu yao. Kijana huyu akija msikitini, asitazamwe viatu vya watu vikihesabiwa. Apewe nafasi katika safu, na ikiwezekana apewe ufagio na amana ndogo ndogo. Anayeaminiwa hujitahidi asiivunje imani hiyo.

Allah (s.w) awaponye vijana wetu na atupe subira ya kuwalea. Amin.