Lengeni Kopo, Waacheni Ndege

Ipo tabia inayokera hapa kwenye makazi yetu ya wakimbizi ya Nakivale, nayo imezoeleka hata watu wazima hawaioni tena kuwa ni aibu. Kijana wa miaka kumi au kumi na miwili hupita njiani na manati shingoni, mfuko umejaa kokoto, na kila ndege atuaye juu ya ua au kwenye mafunjo ya ziwani hugeuzwa shabaha. Akimpata, wenzake humshangilia. Akimkosa, jiwe huendelea na safari yake mpaka likutane na bati la mtu, mbuzi wa mtu, au, Mungu apishe mbali, jicho la mtoto wa mtu. Mzazi akiambiwa hucheka, eti huo ni utoto. Wahenga walishasema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Jicho lililopigwa jiwe laweza kuvujia damu ndani, na hata likionekana limepona laweza kuingiwa na mtoto wa jicho siku za mbele. Hapo ndipo familia huanza kuhangaikia nauli ya kwenda hospitali ya macho ya Ruharo kule Mbarara, na maji yakishamwagika hayazoleki.

Simkatazi kijana kulenga shabaha. Jicho kali na mkono mtulivu ni neema ya Mungu, na neema haifichwi. Wasomaji wa Biblia wanawajua Wabenyamini mia saba wa Kitabu cha Waamuzi, watu wa mkono wa kushoto, ambao teo zao hazikukosa hata unywele; na Daudi hakumwangusha Goliathi kwa bahati. Waislamu nao wanajua kwamba Mtume (s.a.w.) aliwahimiza watu kujifunza kutupa mishale. Lakini Mtume huyo huyo alimlaani anayekifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha, na akakataza hata kurusha vijiwe kwa vidole, maana haviui windo wala adui, kazi yake ni kung'oa meno na kupofua macho. Torati nayo yamwamuru akutaye kiota asimchukue mama pamoja na makinda. Sasa sisi tunaojaa misikitini Ijumaa na makanisani Jumapili, tumemwachia nani kazi ya kuwafundisha watoto mambo haya? Samaki mkunje angali mbichi.

Na tusidhani kwamba kosa hili ni la watoto wa kambini peke yao. Kwenye michezo ya Paris ya mwaka 1900, mabwana wakubwa wa Ulaya walishindana kupiga njiwa hai, na Leon de Lunden wa Ubelgiji akawa mshindi kwa kuua ndege 21. Uwanja ukajaa damu na manyoya, na mchezo ule haukurudiwa tena kwa namna hiyo. Leo wanaopiga shabaha za angani huvunja visahani vya udongo. Na ustadi haukupungua, umezidi. Katika bunduki ya upepo mchezaji husimama mita 10 kutoka kwenye karatasi, na alama ya pointi kumi ni kidoa cha nusu milimita tu. Anayetaka kujua mkono wake una nini, ajipime hapo. Na asiseme hayo ni ya wenye nchi zao: katika Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, Luna Solomon, binti aliyeikimbia Eritrea akapata hifadhi Uswisi, alishindana katika mchezo huo huo akiwa mmoja wa timu ya wakimbizi, baada ya kufundishwa na Niccolò Campriani wa Italia, mwenye medali tatu za dhahabu. Jirani zetu Wakenya nao walimkabidhi bendera yao mpiga upinde, Shehzana Anwar, aibebe Rio mwaka 2016.

Wako watakaosema mtoto anawinda kwa sababu ya njaa, kwa kuwa posho imepunguzwa mara kadhaa. Njaa ipo, na asiyeijua hajaishi hapa. Lakini ndege mdogo akishanyonyolewa hujaza kiganja tu, na wengi huokotwa wakachezewa kisha wakatupwa vumbini bila hata kufika jikoni. Wengine husema ndege wanamaliza mtama. Wazee wetu waliamia mashamba kwa kelele na debe, wakavuna. Tena kumbukeni tuko wapi. Maeneo oevu ya Mburo na Nakivale yaliingizwa mwaka 2006 katika orodha ya Ramsar ya maeneo yenye thamani kwa dunia nzima, na korongo taji, ambaye hutaga katika mabwawa kama haya, ndiye aliye katikati ya bendera ya Uganda na ni miongoni mwa ndege walio hatarini kutoweka. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu mwenyeji aliyetupa ardhi ya kulima tumlipe kwa kumpiga mawe ndege wake?

Hoja nzito zaidi ni ya yule asemaye: tumekimbia risasi, mnatufundishia watoto shabaha ya nini? Ndugu yangu, bunduki tuwaachie polisi na askari wa kambi ya jeshi ya Makenke. Ninachokisema ni panda ya mpera, mpira wa tyubu ya baiskeli, kipande cha ngozi ya kiatu, na kopo la nyanya lililoning'inizwa kwa kamba mbele ya kichuguu kipana. Mchezo huo una sheria ya kwanza isiyo na msamaha: manati haielekezwi kwa mtu, wala havuki mstari mtu yeyote mpaka wote wameshusha mikono. Badala ya kokoto, vijana wafinyange vidonge vya udongo vikauke juani. Vikigonga hupasuka, havirudi kumjeruhi mtu.

Na kwa kuwa tumetaja risasi, siwezi kulinyamazia hili. Ikikaribia Krismasi au Idd, baba aliyetoka Kivu akiwa amebeba godoro na mtoto mgongoni huenda Mbarara akamnunulia mtoto yule yule bunduki ya plastiki! Mtoto arudi nyumbani amwelekezee dada yake kifuani na kupiga kelele za risasi, na wakubwa wacheke. Hilo ndilo somo la vita, akina baba, na mnalilipia wenyewe. Mnunulieni mpira, daftari, hata miwa.

Wananakivale mmejenga masoko, shule na nyumba za ibada mahali ambapo wengi wenu mlifika mikono mitupu. Kazi hii haiwashindi. Viongozi wa RWC, yaani mabaraza ya ustawi wa wakimbizi, wa kanda za Base Camp, Juru na Rubondo wachague kila mmoja kichuguu kilicho mbali na njia na mifugo, wateue mzee mmoja na mama mmoja wa kusimamia mstari, na Siku ya Wakimbizi, tarehe 20 Juni, pamoja na mpira na ngoma, pawepo pia shabaha ya kopo kwa wavulana na wasichana. Atakayeonekana akimlenga ndege wiki ile, jina lake lifutwe kabla hajarusha hata kidonge kimoja.