Kipa Naye Huhukumiwa

Iko dhana iliyoota mizizi hapa Bujumbura, tangu majukwaa ya Intwari wanakoshangiliwa Vital'O hadi vijiwe vya Buyenzi, kwamba kipa akiwa ndani ya boksi lake dogo haguswi, na kwamba mshambuliaji atakayegongana naye amekwisha kukosa kabla refa hajatia filimbi kinywani. Nayo dhana hiyo, inayoshikiliwa na mashabiki, na makocha, na, la kusikitisha zaidi, na baadhi ya waamuzi wenyewe, haina asili katika sheria.

Sheria ya 12 ya soka haikingi eneo wala mtu. Kipa akiwa ameudhibiti mpira kwa mikono, iwe ameukumbatia kifuani, au ameubana chini kwa kiganja, au anaudundisha kabla ya kuupiga, hapana ruhusa ya kumwendea. Ama mpira ukiwa ungali hewani, haujawa wa mtu, yeye na mshambuliaji wana haki sawa ya kuufuata, na atakayeujia kwa pupa pasipo kujali atamuumiza nani ndiye mkosaji, glavu anazo au hana.

Najua dhana hii ilikotoka. Katika fainali ya Kombe la FA la Uingereza mwaka 1958, Nat Lofthouse wa Bolton alimkumba kwa bega Harry Gregg wa Manchester United na kumtia wavuni pamoja na mpira, na bao likahesabiwa. Dhulma ile ilistahili kukomeshwa, na ilikomeshwa. Lakini Sevilla, Julai 1982, kipa wa Ujerumani Magharibi, Harald Schumacher, alimvamia Patrick Battiston wa Ufaransa hata akapoteza fahamu na meno, na refa akaamuru goli kiki. Na mwaka 2014, katika fainali ya Kombe la Dunia, kipa Manuel Neuer wa Ujerumani aliupiga mpira ngumi huku goti lake likimpiga mshambuliaji Higuaín wa Argentina, na faulo akahesabiwa Higuaín!

Migongano kama hii Wamarekani nao wanayo kwenye besiboli yao, na mdakaji Buster Posey alipovunjika mguu kwa kugongwa na mkimbiaji mwaka 2011, walitunga mwaka 2014 kanuni yenye insafu: mkimbiaji asiiache njia yake ili amgonge mdakaji, na mdakaji asiizibe njia hiyo ilhali hana mpira.

Turudi kwenye soka: mtazame kipa anaporuka. Goti moja hulitanguliza, ndivyo alivyofundishwa, na aghalabu goti hilo huwasili kabla ya mikono. Refa aliyeukodolea macho mpira hulikosa kabisa, akaona watu wawili chini na mmoja wao ana glavu, basi hukumu imepita. Mtasema kipa anatazama juu, hawezi kujihami. Naam, na mshambuliaji anatazama wapi?

Faulo ya kumwokoa kipa haimgharimu refa kitu: mpira hupigwa mbele na mchezo ukaendelea. Penalti ndiyo humzungushia wachezaji kumi na moja na kelele za jukwaa zima, na hapo, kwa rai yangu, ndipo dhana hii inapopata chakula chake.