MAZUNGUMZO YA SHAMBA: Mwewe, Nguchiro na Mbwa wa Nyumbani

Juma hili nimeziweka kando habari za mbolea nilizowaahidi, kwa sababu ya barua niliyoipata kutoka kwa karani mmoja wa upande wa Kakamega. Yeye afanya kazi mjini, na mkewe ndiye autazamaye mji wao. Asema kwamba katika muda wa miezi mitatu makoo wake watano waliangua vifaranga hamsini na wawili, na hivi leo waliobaki ni tisa. Hakuna aliyekufa kwa ugonjwa. Wote walichukuliwa, wengine mchana, wengine usiku. Auliza afanyeje, maana karo ya mtoto wake wa pili alitazamia kuilipa kwa kuku hao.

Barua yake ni ndefu, lakini haina jambo moja nililolitaka sana, yaani alama alizoziacha mwizi. Mtu akiibiwa ng'ombe hufuata nyayo kwanza. Mbona akiibiwa kuku hukimbilia kununua sumu? Kila adui ana kazi yake na namna yake ya kuifanya. Kifaranga akitoweka mchana kweupe, pasibaki unyoya wala damu, huyo ni mwewe au kipanga. Ukikuta mayai yamekwisha chini ya kuku aatamiaye na hakuna hata ganda, mtafute nyoka. Lakini maganda yakiwa yamevunjwa na kutapakaa, huenda ni kenge, nguchiro au panya. Kuku mkubwa aliyeliwa kichwa na kifua, mwili ukaachwa palepale, aghalabu ni kazi ya kanu au ya kicheche. Nyegere yeye habembelezi mlango. Hung'oa mbao au huchimba chini ya ukuta, kisha huua wengi kuliko awezavyo kula. Na ukiona kuku wengi wamelala huku na huku uwanjani, manyoya yamelowa mate, wala hawakuliwa, usisingizie msitu. Huyo ni mbwa, na huenda akawa ni mbwa wako.

Tuanze na mchana. Mwewe tumzoeaye huku kwetu yupo karibu mwaka mzima, na kuanzia mwezi wa Oktoba hadi Machi wageni kutoka Ulaya na Asia huongezeka. Apendalo ni uwanja mtupu uliofagiliwa vizuri. Sisi twaufagia kwa ajili ya usafi, na ni vyema, lakini kifaranga aliye katikati ya uwanja huo hana pa kukimbilia. Mpe mahali pa kujificha. Panda mforosadi, mbaazi au mihogo karibu na nyumba ya kuku, na pale pasipo na mimea jenga kitanda cha fito chenye urefu wa futi 2, ukakiezeke kwa nyasi. Mama akilia, wana wote wataingia chini yake. Kichaka kinene kilichogusana na nyasi ndefu sikipendi, kwa sababu kitakukinga na mwewe na kumkaribisha nguchiro.

Vifaranga wadogo kabisa wasiachwe kutangatanga. Kwa majuma manne ya kwanza waweke pamoja na mama yao chini ya tenga kubwa lililopinduliwa na kukandamizwa kwa jiwe, wapate chakula na maji humo humo, na wafunguliwe kwa saa chache tu, wakati yupo mtu nyumbani wa kuwaangalia. Hilisogeze tenga kila siku mahali pengine ili uchafu usijikusanye. Wakifika majuma manane hivi, mwewe atawaona ni wazito na atakwenda kujaribu kwa jirani.

Wako watu wawapakao vifaranga rangi ya zambarau au nyekundu ili mwewe awaogope. Sisemi ni upuuzi, maana nimeona ikisaidia kwa siku kadhaa. Wengine hutandaza kanda kuukuu za muziki kutoka mti hata mti, zikawa zinameremeta na kuvuma kwa upepo. Hizo nazo zafaa mradi uzihamishe mara kwa mara. Ndege huyu ana akili, na kitu kisichomdhuru leo na kesho, keshokutwa atatua juu yake.

Kwa wenzetu wa Pwani adui wa mchana ni kunguru kuliko mwewe. Kunguru wale wenye shingo ya kijivu si wenyeji. Waliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili wale takataka, na kufikia mwaka 1947 walikuwa wamekwisha onekana Mombasa. Hao huja kwa makundi, mmoja humchokoza mama na mwingine huchukua mtoto. Kwa hiyo huko tenga si hiari.

Na jogoo je? Wengi wetu huwauza majogoo wote wakati wa Krismasi, tukifikiri kazi yao ni kupanda majike tu. Lakini jogoo ni mlinzi. Ana mlio mmoja kwa hatari itokayo juu, mwembamba na wa kuvuta, ambao kuku wakiusikia huinama na kukimbilia kivulini. Na ana mwingine kwa adui ajaye kwa miguu, wa kelele za kukatakata, ambao kuku wakiusikia huinua shingo na kutazama. Mbakize mmoja aliye mkali. Vivyo hivyo, wale walionunua kuku wa kienyeji walioboreshwa, kama wale wa kituo cha KALRO huko Naivasha, wakumbuke kwamba kuku hao hutaga sana lakini kuatamia hawapendi. Vifaranga wao hulelewa kwa taa, hawana mama wa kuwaita, na hawajui mwewe ni nani. Hao wahitaji ua uliofunikwa juu.

Sasa usiku. Kuku gizani haoni, naye hana silaha ila ukuta uliomjengea. Watu wengi hulaza kuku jikoni, na huko wezi wa mwituni hawaingii, ila moshi na uchafu si afya kwa watoto wala kwa kuku. Nyumba njema ya kuku imeinuliwa juu ya nguzo, futi 3 kutoka ardhini, na kila nguzo imezungushiwa kipande cha bati laini ili panya na nguchiro wateleze. Kwa kulala tu, futi moja ya mraba yatosha kuku mmoja. Seng'enge ya kuku iuzwayo madukani humzuia kuku asitoke, lakini haimzuii nyegere wala mbwa kuingia, na nguchiro mdogo hupita katika tundu zake. Madirisha yafunikwe kwa wavu mgumu wa waya wenye tundu za nusu inchi, upigiliwe kwa misumari na vipande vya mbao. Mlango uwe na komeo la kweli. Kamba si komeo. Jua likikaribia kuchwa, wahesabu wakiingia. Mtoto wa miaka kumi aweza kazi hiyo, naye huipenda akipewa kuku mmoja awe wake.

Yuko adui mmoja ambaye nyumba iliyofungwa vizuri humsaidia yeye kuliko kuku. Siafu huja usiku, hasa mvua zianzapo, na kuku aliyefungiwa hana njia ya kukimbia. Kuku aatamiaye hung'ang'ania mayai yake hata akafa juu yake. Kwa hiyo nguzo zisimame katika makopo yenye oili chafu ya motokaa, na makopo hayo yafunikwe kwa juu yasijae maji ya mvua. Chini mwaga majivu makavu, uyarudie kila mvua inyeshapo. Kisha tazama sana kwamba hakuna jani, tawi wala ngazi iliyoegemea nyumba, maana siafu wakipata unyasi mmoja tu wamepata daraja. Ukisikia kuku wanalalamika kwa sauti ya chini katikati ya usiku, amka uende na taa. Ukingoja mapambazuko utakuta mifupa.

Nimefika kwa mbwa, na hapa yanipasa kukiri. Nilipoanza kufuga, mbwa wangu niliyemsifu kwa ulinzi aliua kuku saba wa jirani yangu, mama mjane, Jumapili moja tulipokuwa kanisani. Nilikataa. Nilisema mbwa wangu hana tabia hiyo. Wazee walikuja, wakamfungua kinywa, wakatoa unyoya katikati ya meno yake mbele ya macho yangu. Nililipa kuku saba, na wa nane wa kuomba radhi. Lakini yule mama hakuja kuteka maji kwangu muda wa mwaka mzima, akaenda mtoni mbali, na kila asubuhi nilimwona akipita na debe lake.

Kisha nikamwadhibu mbwa kama nilivyoshauriwa: nikampiga, nikamfunga kuku mfu shingoni kwa siku tatu mpaka akanuka. Juma lililofuata aliua wengine wawili, mara hii wangu. Mbwa hajui kwamba apigwa sasa kwa kosa la jana. Kuku akimbiaye na kupigapiga mabawa humwamsha hamu ya kuwinda, na kila amkimbizapo hujifunza kwamba ni furaha.

Mbwa niliye naye leo nilimtwaa akiwa wa majuma manane. Nilimfunga kamba kila jioni karibu na kuku walapo, nikaketi naye. Akitulia, nilimpa kipande cha ugali. Akiruka, nilimkataza saa ileile kwa sauti na kumvuta nyuma. Ilikuwa kazi ya miezi, wala si ya siku mbili. Mchana hufungwa kivulini na maji yake, na usiku hufunguliwa baada ya kuku kukomewa. Hivyo huwafukuza kanu na kicheche badala ya kuwa mwenzao. Anakula ashibe. Usimtupie mbwa matumbo mabichi wala vichwa vya kuku, wala maganda ya mayai, kisha ukamlaumu kwa kuijua ladha. Na umpeleke kwa chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka, kwa kuwa mlinzi huyu ndiye akutanaye na nguchiro na bweha kabla yako. Mnyama wa mwitu aingiaye uwanjani mchana bila woga asiguswe. Mwite afisa wa mifugo.

Kuhusu sumu nitasema machache. Nyama iliyotiwa dawa ya wadudu haichagui. Humwua nguchiro, mbwa wako, paka wa jirani, na tai atakayekula mizoga yao, na mtoto aweza kuiokota. Wanyama na ndege hao walindwa na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, na mwenye shida kubwa na apeleke habari kwa ofisi ya KWS iliyo karibu naye. Fidia ya kifaranga aliyechukuliwa na mwewe asiitazamie.

Karani wetu wa Kakamega na aniandikie tena, anijulishe kama alikuta manyoya au hakuyakuta, na mlango wa nyumba yake ya kuku wafungwa kwa nini. Wale tisa waliobaki awaweke chini ya tenga leo, asingoje jibu langu. Juma lijalo nitarudia habari za samadi.