UU Si Kosa, Wasee

Leo naongea na nyinyi wa kunakili mistari kwa config.txt ya Raspberry Pi halafu mnaomba Mungu. Nilikuwa mmoja wenu, ndio maana nina uchungu.

Nilikuwa natengenezea mteja kifaa cha pikipiki, sensa ya mwendo ni MPU6050. Nikaendesha i2cdetect, pale kwa 68 ikaniandikia UU. Mse akaniambia, "Tumia -f, lazimisha tu." Nikalazimisha. Siku tatu namba zinatoka ovyo, mteja akataka deposit yake. Nikarudisha.

Sasa skiza. UU inamaanisha kuna draiva ya keneli imeshika hiyo anwani tayari. Kifaa cha USB ukikichomeka kinajitambulisha chenyewe: nani amekitengeneza, ni cha aina gani. Cha I2C hakijitambulishi. Keneli inaamini chenye umeandika, na neno linaloamua draiva gani ishike ni compatible. Mimi nilikuwa nimesahau dtoverlay=i2c-rtc,ds3231 ya mradi wa zamani. DS3231 ni saa, na pia inakaa 68. Draiva ya saa ilikuwa inaongea na sensa yangu ikidhani ni saa! Na mimi nalaumu keneli. Kufuta mstari mmoja, kuwasha upya, kwisha.

Ukitaka zote mbili, unganisha AD0 ya sensa na 3.3V, itahamia 69. Saa haihami.

Lakini nyinyi wa video za dakika mbili, kwa nini mnafunza watu -f kabla ya compatible? Ama kwa sababu deposit si yenu?