Kasongo: Tupige Picha Wapi?



Mwezi huu tunajibu barua ya kijana mmoja wa Salamabila. Dada yake ataolewa Kasongo, na jamaa wamemchagua yeye kupiga picha, maana ana telefone nzuri. Anaandika hivi: «Watu wote wanasema Kasongo ni mji wa historia. Lakini nilipofika mara ya kwanza sikuona kitu. Muniambie, fasi gani iko nzuri kwa foto?»

Kijana, aksanti kwa swali lako. Hukukosea kusema kwamba hukuona kitu. Historia ya kwetu haikai kando ya barabara na kibao shingoni. Inataka mtu wa kuionyesha. Tutakutajia pahali pane, pamoja na saa ya kwenda. Kisha tutakuambia jambo moja ambalo linapita pahali.

KABAMBARE, NJIA YENYEWE

Kama unapitia Kabambare, usiseme hapa hakuna kitu. Njia ya misafara kutoka ziwa Tanganyika kwenda Kasongo na Nyangwe ilipita hapa. Ndipo pahali ambapo Livingstone, katika vitabu vyake, aliita Bambarre. Alifika mwezi wa 9 mwaka 1869. Mwaka 1870 vidonda vya miguu vilimlaza hapo, naye akakaa mpaka mwanzo wa 1871. Aliandika kwamba wakati alipokuwa katika Maniema alisoma Biblia yote mara nne.

Hapa piga picha ya njia na watu wake. Watazame wasukuma kinga wenye mzigo wa mchele na mafuta ya mawese: wanapita katika nchi ileile ambamo wengine walipita na pembe begani, na wengine na mnyororo shingoni. Toka asubuhi mapema, wakati vumbi halijapanda. Lakini usimpige mtu picha kama vile mbuzi. Msalimie. Kama anapanda mlima, msukumie kwanza kidogo, kisha umwombe. Utaona uso wake utakavyokuwa mwingine.

NYANGWE, KANDO YA LUALABA

Nyangwe ulikuwa mji wa soko kubwa. Livingstone alifika mwaka 1871, Cameron mwaka 1874, Stanley mwaka 1876. Mji uko upande wa mashariki wa mto, na mto unakwenda kaskazini. Kwa hiyo fanya hesabu ya jua. Asubuhi, ukisimama ukingoni na kutazama ng'ambo, jua liko mgongoni mwako: mitumbwi, maji na ukingo wa pili, vyote vinaonekana wazi. Jioni jua linazama mbele yako juu ya mto. Hapo maji yanapendeza sana, lakini watu wanakuwa weusi kama kivuli, na hutajua nani ni nani. Ukitaka mto mzuri, njoo jioni. Ukitaka sura za watu, njoo asubuhi.

Lakini ujue unasimama wapi. Tarehe 15 mwezi wa 7 mwaka 1871, siku ya soko, watu wa wafanyabiashara wa utumwa walianza kupiga bunduki katikati ya watu waliokuja kuuza na kununua. Wengi walikuwa wamama. Walikimbilia mitumbwi, mitumbwi ikajaa na kupinduka, wengine wakajitupa majini wakazama. Livingstone alikuwa pale na aliona kwa macho yake. Hesabu aliyoandika ni kati ya watu 330 na 400. Habari zile zilipofika Uingereza zilisaidia kuongeza nguvu ya wale waliotaka soko la watumwa la Unguja lifungwe, na lilifungwa mwaka 1873.

Hatusemi bibi arusi asicheke Nyangwe. Mto ni wa wazima pia. Tunasema tu: mbele ya kupiga picha, mwambie habari hii. Kisha mupige.

TONGONI, MJI WA ZAMANI

Kasongo ya Tippu Tip haikuwa pahali mji ulipo leo. Ilikuwa kule tunakoita Tongoni. Na jina lenyewe linasema: tongo ni pahali ambapo watu walikaa, wakahama. Tippu Tip alifanya makao yake Kasongo karibu ya mwaka 1875. Aliporudi Unguja alimwacha mtoto wake Sefu. Tarehe 22 mwezi wa 4 mwaka 1893 jeshi la Dhanis, mtumishi wa mfalme Leopold, liliingia na kuuteka mji. Daktari wa jeshi lile, Hinde, aliandika kwamba walikuta vitanda vya kuchongwa, magodoro ya hariri na ghala zilizojaa chakula. Mashamba yale ya mpunga yalilimwa na nani? Na pembe zilibebwa na nani? Wewe unajua.

Usitegemee kuona kuta ndefu za mawe. Nyumba zilijengwa kwa udongo, na udongo unarudi kuwa udongo. Saa sita ya mchana hutaona kitu, utarudi ukisema tumekudanganya. Nenda jua likiwa chini, asubuhi sana ao saa kumi na moja jioni. Wakati ule kila kimwinuko cha ardhi kinatupa kivuli, na alama ya msingi wa nyumba inajitokeza. Inama, shusha telefone karibu na magoti, upige ukifuata urefu wa kivuli. Wataalamu wa mambo ya kale, Wakongo na Wabelgiji, wamekwisha kufanya kazi pale, na hata wao waliwauliza wazee. Basi nawe anzia kwa chefu wa kijiji. Ukiona ushanga ao kipande cha chungu, kipige picha, ukiache palepale. Ukikitia mfukoni, umeiba ukurasa katika kitabu cha wote.

MJINI, KANISA NA MSIKITI NA MWEMBE

Kasongo ya leo ni mji wa jimbo letu la kanisa tangu mwaka 1959, na ni mji wa Waislamu wengi pia. Jamaa nyingi zina watu pande zote mbili. Kwa picha ya kanisa, zunguka kwanza bila kupiga, uone jua linapiga upande gani. Rudi nyuma hatua nyingi, ushike telefone wima. Ukiilaza ili kupata msalaba wa juu, kuta zitaonekana kama zinaanguka. Msikitini uliza kwanza, na usipige watu wakiwa katika sala, sawasawa vile hungependa mtu akupige ukipokea komunio.

Na picha ya jamaa nzima? Usiwapange juani saa sita wakikunja macho. Kwetu jua la mchana linakuja juu ya kichwa, linatia giza ndani ya macho. Tafuta mwembe mkubwa. Uwapange pahali kivuli kimejaa vizuri, si pale jua linapopenya majani na kutia madoa usoni. Walio nyuma wasimame, wazee wakae kwenye viti, watoto chini. Wewe ugeukie kivuli, usigeukie jua.

Neno la usalama: usipige picha ya askari, ya kizuizi, ya daraja, ya uwanja wa ndege wala ya ofisi ya serikali. Wengi wamepoteza telefone na franka kwa picha moja ya bure. Omba barua ya parokia ao ya chefu, utembee nayo.

JAMBO LINALOPITA PAHALI

Sasa jambo lenyewe. Sura ya Tippu Tip tunayo. Iko katika vitabu, na nyumba yake ya Unguja, mji alimofia mwaka 1905, wageni wanaipiga picha mpaka leo. Lakini sura za wababu zetu waliobeba pembe zake, tutazitafuta wapi? Baadaye wazungu walikuja na mashine za picha. Leo nyingi za picha zao zimetunzwa Ubelgiji, katika jumba la Tervuren. Lakini chini ya picha nyingi za wakati ule waliandika kabila tu, ao kazi, bila jina la mtu. Mtu yuko, jina hakuna. Mjukuu wake anaweza kupita mbele ya picha ile asijue kwamba ni babu yake.

Linganisha na picha moja iliyopigwa mbali na Maniema, kule Baringa katika Ekwateri, mwezi wa 5 mwaka 1904. Mwingereza Alice Harris, mke wa mmisionari wa Kiprotestanti na mmisionari mwenyewe, alimpiga picha baba mmoja aliyekaa chini barazani. Mbele yake kuna mkono mdogo na mguu mdogo. Ni vya binti yake, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Pahali pale hapakuwa na uzuri wowote. Ni baraza tu ya nyumba ya misioni. Lakini yule mama aliuliza na jina likaandikwa: baba ni Nsala, mtoto ni Boali. Picha ile ilionyeshwa Uingereza na Marekani, na pamoja na nyingine ikaamsha watu, mpaka mwaka 1908 Leopold akanyang'anywa Kongo. Mateso ya kwetu hayakuisha siku ile. Lakini baada ya miaka zaidi ya mia moja, sisi bado tunajua kwamba alikuwako mtoto aliyeitwa Boali.

Kijana, wewe ni wa machimbo, kwa hiyo utafahamu hili. Mama mmoja alitujia, mtoto wake amefunikwa na shimo. Alitaka picha ya kuweka juu ya sanduku. Alikuwa nayo moja tu, ile ndogo ya karte ya uchaguzi, imekwisha kufutika kwa jasho. Tuliikuza. Pua ilionekana, macho hayakuonekana. Mama aliitazama mara nyingi, akasema: «Huyu hana macho. Mtoto wangu alikuwa na macho.» Wenzake wa shimoni walikuwa na telefone karibu wote. Wamepiga picha za mpira, za wanamuziki, za pikipiki mpya. Yeye hakuna aliyempiga.

Kwa hiyo tunakujibu namna hii. Pahali pazuri pa kupigia picha ni pale ambapo mtu wa kwako yuko, na mwenye kujua habari yuko karibu. Nenda Tongoni, lakini nenda na mzee, umpige picha akionyesha kwa mkono. Nenda Nyangwe na bibi arusi, lakini bibi yake mzaa mama akae naye ukingoni. Na mbele ya kurudi chimboni, mpige baba yako ameoga, amevaa shati nzuri, anatazama mbele. Yule anayeshuka shimoni kesho, mpige leo.

Tena usiziache picha ndani ya telefone. Telefone inaanguka majini, inaibiwa, inakufa, na vyote vinakwenda nayo. Chagua tano ao kumi, utafute mwenye mashine azitoe kwenye karatasi. Nyuma andika kwa kalamu ya risasi, polepole, karibu na ukingo: majina ya wote kutoka kushoto kwenda kulia, pahali, siku, mwezi na mwaka. Wino wa biki unaweza kupenya na kuharibu sura. Zitie ndani ya bahasha, bahasha ndani ya mfuko wa plastiki, mbali na moshi wa jiko. Mpe dada yako nyingine, na shangazi nyingine, ili nyumba moja ikiungua ao jamaa ikikimbia, zisipotee zote. Wale waliokimbia vita ya 1964, ya 1996 na ya 1998 watakuambia walichoacha nyuma.

Sisi wakristo, siku ya ubatizo padri anauliza kwanza: munampa mtoto jina gani? Picha bila jina ni kama mtoto aliyeletwa kanisani na kurudishwa nyumbani mbele ya kujibu swali lile.

Kazi ya mwezi huu kwa jamaa zote: tafuteni picha moja ya zamani iliyo nyumbani, mumpelekee mzee wa miaka mingi kuliko wote, muulize hawa ni nani. Andikeni nyuma palepale, mbele mzee hajalala. Na wewe kijana, ututumie picha moja ya arusi. Usisahau majina.

Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.