Mzamiaji wa Pweza Husikia Baridi

Aliyeandika gazetini kwamba mvuvi wa Unguja hahitaji kinga ya baridi, eti sisi watu wa joto, ameipima bahari kutoka barazani Mji Mkongwe. Mwezi wa Julai, kusi ikivuma, maji ya pwani yetu hushuka hadi nyuzi 25 hivi. Mwili una 37, na maji huunyonya joto haraka kuliko hewa, takriban mara 25. Wazamiaji wa pweza wa Jambiani na Kizimkazi huwinda humo kwa muda mrefu, kisha hupanda ngalawani na fulana ya pamba iliyoloa, upepo ukiwamalizia. Vidole vikifa ganzi, kamba haishikiki! Wanaogawa nyavu na boti wagawe pia nguo za kuzamia.