Hiyo Ndwele Bado Tunayo

Jumapili iliyopita, kwenye mkutano wa chama chetu hapa Guildford, Sydney, niliomba nusu saa tu. Sherehe ya watoto ilikuwa imeharibika mara ya pili mfululizo: pilau iliisha mapema, watoto wa mwisho wakala mkate mtupu, na amana ya ukumbi tukakatwa kwa kuchelewa kutoka. Nilitaka tuulizane kwa zamu: tulipanga nini, kilitokea nini, kwa nini, na mara nyingine tubadilishe nini. Mzee mmoja akainua mkono: "Mwanangu, yaliyopita si ndwele, tugange yajayo." Ukumbi mzima ukapiga makofi.

Nimeichoka methali hii. Tutaganga nini ikiwa ugonjwa wenyewe hatutaki kuutaja? Mganga yeyote, wa hospitali au wa mizizi, huanza kwa kuuliza: maumivu yalianza lini, ulikula nini?

Vituo viwili vya treni kutoka hapa, pale Granville, tarehe 18 Januari 1977 treni iliacha reli, ikagonga nguzo za daraja la Bold Street, daraja likaangukia mabehewa. Watu 83 walikufa. Wahusika waliulizana, wakakuta reli zilikuwa hoi kwa kukosa matunzo. Daraja jipya likajengwa bila nguzo katikati. Sisi Watanzania je? MV Bukoba 1996, MV Spice Islander 2011, MV Nyerere 2018: kila mara watu walijazwa kupita kiasi, kila mara tukazika, kisha tukapanda meli nyingine.

"Tukiulizana tutaleta fitina," akasema mwingine. Fitina ipi tena? Imejaa tele kwenye WhatsApp na pale nje kwenye maegesho. Eti pia kuulizana ni mambo ya Wazungu! Bibi yangu, Tanga, kila harusi ikiisha alikaa mkekani na wenzake, wakahesabu masufuria na kuulizana wali wa sufuria ya tatu uliungulia mikononi mwa nani.

Na mkutano wenyewe, ulioitwa saa nane, ulianza saa kumi. Hilo nalo si ndwele.

Dada aliyepika pilau alikuja na daftari la shule. Niliona ukurasa aliokuwa ameufungua: kilo za mchele, idadi ya watoto walioandikishwa, idadi ya waliokuja. Makofi yalipopigwa akalifunga, akalirudisha mkobani chini ya kanga.